Gauni Lililogoma Kukatwa

Fundi wetu wa cherehani alikuwa na mwiko mmoja: nguo haitoki mkononi mwake ikiwa na pini ndani. Angeweza kukucheleweshea gauni la harusi mpaka ndoa yenyewe ikavunjika, lakini pini hukuti. Ndiyo maana lile gauni la njano nyuma ya mlango wake liliwashangaza wateja. Lilikuwa limefumuliwa ubavuni, likaongezwa kitambaa kila upande, na nyongeza hiyo ilishikwa na pini tupu, zilizokwisha kushika kutu.

Lilikuwa la mdogo wake. Alilileta lipanuliwe wakati tumbo lilipoanza kumtangulia mlangoni. "Dada, niachie nafasi ya kutosha, huyu mtoto ana kiburi kama wewe." Uchungu ukamshika kabla hajalifuata. Hospitali ilikuwa mbali, na njia ikawa ndefu kuliko pumzi zake. Mtoto alifika, mama yake hakufika.

Mtoto huyo sasa ni binti mzima mwenye mdomo wake, anayemwita Fundi Mama Mkubwa na kumwendesha kama mama mkwe.

Mtaa ulipoamua kujijengea hospitali ya wanawake, Mwenyekiti wa kamati, mtu anayekumbatia kipaza sauti kuliko anavyomkumbatia mkewe, alitangaza kwamba kila mwenye kuchanga alete pia nguo ya mpendwa wake aliyetangulia. Fundi angezikata vipande na kuziunga ziwe pazia la wodi. "Ili anayejifungua asijione yuko peke yake," alisema, akifuta jasho ambalo halikuwepo. Lilikuwa wazo zuri. Alikuwa amelichukua kwa huyo huyo mkewe.

Nguo zikamiminika. Chumba cha Fundi kikajaa mikono mitupu na kola zisizo na shingo. Mchana, feni ikijizungusha kivivu, magauni yalipumua. Fundi alisema cherehani ikinyamaza huwasikia wenye nguo wakinong'ona: huyu anataka dirishani, yule hataki kabisa kukaa na wifi yake. Aliwaunga walivyotaka. Hao ndio wateja pekee ambao hawakuwahi kumuuliza, "Bado tu?"

La njano halikushuka msumarini.

"Mama Mkubwa, mtaa mzima tumebaki sisi," binti alimwambia.

"Mimi nimetoa kazi."

"Kazi si mama yangu."

Fundi akaliteremsha, akalitandaza mezani, akashika mkasi. Mkasi ukafunguka, ukabaki hivyo, kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Sura ya mdogo wake ilikuwa imeanza kumtoka. Hata ndotoni ilimjia imegeukia ukutani. Lakini umbo lake lilikuwa bado humo, kati ya pini na pini. Kulikata ilikuwa ni kumzika mara ya pili, na kwa mkono wake.

Akalirudisha. "Limegoma."

"Limegoma, au limegomewa?"

Siku ya mchango tulikusanyika kwenye jengo lenyewe, kuta tayari, madirisha bado. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja cha chuma, na mbele yake pazia. Upepo ulipita pale ambapo vioo vitakuja kukaa, nguo zikainuka zote pamoja. Kila mtu alimwona wake.

Muuza saruji alikaa mstari wa mbele, leso machoni. Alikuwa ametoa gauni la maua la mkewe. "Marehemu wangu," aliomboleza, "alikuwa malaika."

"Hilo gauni langu!" mwanamke mwenye mkoba mkubwa alisimama nyuma.

Mwenyekiti akashusha sauti ya msiba. "Pole, mama. Wewe ni nani wake marehemu?"

"Mimi ndiye marehemu!"

Kicheko kikapasua kuta. Muuza saruji akajificha ndani ya leso. "Mama watoto, si uliniacha..."

"Nilirudi kwa mama yangu, sikwenda kaburini! Na nilikimbia kukoroma kwako." Akamgeukia Fundi, akalainika. "Dada yangu, nisamehe. Mchango wangu nautoa, tena kwa mkono ulio hai. Ila kitambaa changu nipe. Hapo si mahali pangu bado."

Alikuwa na haki. Fundi akafumua uzi, akampa. Pazia likabaki na tundu, upepo ukatorokea humo, na nguo nyingine zote zikanywea. Kitanda kikaonekana, kitupu.

"Tuzibe na bango la kamati," Mwenyekiti akashauri upesi. Bango lilikuwa na picha yake, akitabasamu.

Fundi alitazama bango, akatazama kitanda. Akamwona mwanamke fulani wa kesho amelala pale, akisukuma, huku Mwenyekiti akimchekea.

Binti akafungua mfuko wake. Njano ikachungulia.

"Usinikaripie, Mama Mkubwa. Lilitaka kutembea."

"Lete."

"Na mkasi?"

"Mkasi wa nini?"

Fundi akapanda kigoda akalishona zima, mabega yake na mikono yake, likaziba tundu lote. Kisha akashuka kwenye ile nyongeza ya ubavuni. Alishona pale penye pini, akichomoa moja, akiibana midomoni kama wafanyavyo mafundi, akiifuata nyingine. Tulisubiri. Hata kipaza sauti kilisubiri. Pini ya mwisho ilipotoka, upepo ukaingia, na gauni likajaa polepole, kifua, kiuno, halafu tumbo. Nafasi yote iliyoombwa ilikuwepo.

Binti akasogea, akapima bega lake na bega la njano.

"Kumbe tunalingana," akasema.

Mwenyekiti hakuweza kuvumilia zaidi. Akamsogezea Fundi kipaza sauti. "Fundi wetu, neno moja kwa wananchi!"

Fundi akamgeukia, machozi yakimtiririka, midomo imebana pini zote za mdogo wake.

"Mmm," akasema.