Mzee Faki na ng'ombe wake walivyotaka kumzuia mwandishi asiende Kongo

Habari zenu wakuu. Wakubwa zangu, kama bado mmo humu, shikamooni. Ila nimeshavuka themanini, nadhani zamu ya kupewa shikamoo ni yangu.

Jana kwenye uzi mmoja nimeona vijana wanajadili waandishi wanaokwenda vitani. Mmoja kasema maandalizi ni helmet, bima na vest ya risasi. Nilicheka hadi mjukuu akaja kuniangalia kama niko salama.

Basi leo nawaletea maandalizi ya Pemba. Naandika niliyoyaona kwa macho yangu. Mwenye kutaka kusema hii ni chai, kwamba nimeitunga, aje PM, tena aje na jina lake kamili. Uzee haujanipunguzia hasira.

Twende.

Ilikuwa Kongo ndiyo kwanza imepata uhuru, na imewaka moto. Mimi kijana wa Jadida, Wete. Skuli sikukanyaga, kusoma nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari.

Rafiki yangu Nassor alikuwa na kigazeti chake pale mtaani. Yeye anaandika, mimi nazungusha mpini wa mashine ya kudurufu, kisha nakwenda kukiuza. Ukimsema vibaya Nassor, umenitukana mimi. Nimeshapigana sokoni kutetea habari ambayo mwenyewe nilikuwa sijaimaliza kuisoma.

Siku moja gazeti kubwa la Unguja likamwita. Linataka mtu wa kwenda Kongo, kwa sababu kule mashariki watu wanasema Kiswahili. Meli ni Jumatano. Nassor alifurahi, mimi nikafurahi kumshinda.

Mama yake, Bi Raya, hakulia. Alipika visheti, akafunga pweza mkavu, akamshonea hirizi ndani ya fulana. Halafu akasema:

"Radhi yangu utaipata, baba. Lakini kwanza kawatake radhi wote uliowaandika. Simpeleki mwanangu kwenye risasi, na huku nyuma kuna ntu ana kinyongo naye."

Kwa msiojua, kwetu msafiri haondoki hadi apite kutakana radhi na jamaa na majirani. Sasa piga picha msafiri mwenyewe ni mwandishi wa gazeti. Kisiwa kizima kina kinyongo naye. Na zile zilikuwa siku za siasa za vyama, wa chama hiki na wa chama kile walikuwa hata hawazikani.

Bila radhi ya mama, Nassor hapandi meli. Hilo halikuwa na mjadala.

Tukaanza kuzunguka. Mwenye duka wa Madungu, tuliyemwandika kuwa mizani yake inamwonea mnunuzi, alitununia, kisha akacheka, akatupa na tende. Mwalimu mmoja alituombea dua ndefu hadi miguu ikafa ganzi. Wa chama hiki wakasamehe, wa chama kile waliposikia hivyo wakasamehe zaidi, ili wasishindwe. Nilifurahi sana. Nikaona kumbe watu wetu wazuri.

Akabaki mmoja. Mzee Faki wa Kengeja.

Mzee Faki alikuwa na ng'ombe dume wa mchezo, jina lake Tafrani. Mchezo wa ng'ombe wa kwetu hauui. Ng'ombe anafungwa kamba ndefu, zumari linalia, wanawake wanaimba, na vijana wanaingia na kitambaa kumchokoza. Nassor alikuwa ameandika kwamba Tafrani aliona kitambaa, akainua mkia, akakimbilia migombani.

Tulimkuta barazani kwake anamenya muhogo.

"Shikamoo Mzee Faki."

"Marahaba. Ndiyo weye uloandika?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kutaka radhi."

"Wanawake wa kijiji cha pili wametunga wimbo kwa maneno yako. Nikipita kisimani, wananiimbia." Akatupa ganda. "Andika gazetini kwamba alisimama. Nitakusamehe hapo hapo."

Nikajua tumemaliza. Nikamkanyaga Nassor mguu akubali.

"Mzee wangu," Nassor akasema, "alikimbia. Nilikuwepo."

Nikamvuta pembeni. "Yakhe, ni ng'ombe. Hajui kusoma. Andika alisimama, twende zetu."

"Nikidanganya juu ya ng'ombe wa Kengeja, nani ataniamini juu ya Kongo?"

Neno lake lilikuwa la haki, na mimi mtu akinishinda kwa haki napandwa na hasira. Nikamrudia Mzee Faki nikamwambia ng'ombe wake mwoga, na kwao huko alikozaliwa wote waoga. Nassor akaniziba mdomo kwa kiganja.

Mzee hakukasirika. Alinitazama, akasema, "Huyu ukimfunga kamba anafaa kuchezwa." Akamgeukia Nassor. "Kesho kuna mchezo. Ingia weye. Tuone nawe utasimama ama utakwenda wapi."

Kesho yake Kengeja nzima ilijaa. Nassor aliingia uwanjani na koti la kuazima, lile lile la kuvalia Kongo, na kitambaa chekundu mkononi. Zumari likalia. Tafrani akaletwa.

Niseme haki, Nassor alisimama. Alisimama vizuri sana, kwa kuwa ng'ombe alikuwa bado hajamwona.

Tafrani alipoinamisha kichwa, rafiki yangu aligeuka. Koti lilipepea kama tanga. Alikimbilia migomba ile ile.

Watu wakacheka. Mimi sikuweza kuvumilia wamcheke Nassor. Nikafungua kikoi changu, nikabaki na kaptura, nikaruka ndani nakipunga na kumtukana ng'ombe. Tafrani akamwacha Nassor, akanitazama mimi.

Hasira ziliniisha njiani.

Nilimkuta Nassor amekumbatia mgomba, anahema.

"Weye umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukutetea."

Tulicheka pale hadi tukakaa chini. Mzee Faki alipofika na fimbo yake alikuwa anafuta machozi kwa kilemba. Akasema neno moja tu: "Haya. Andika."

Nassor akaandika. Naikumbuka hadi leo: "Safari hii Tafrani alisimama. Aliyekimbia ni mwandishi wa gazeti hili, na mwuzaji wake akamfuata." Mpini nilizungusha mwenyewe, na kuuza nikauza mwenyewe, nikitangaza kwa sauti yangu kwamba nimekimbia. Hakikubaki kigazeti hata kimoja.

Jumatano Mzee Faki alikuja Wete na mkungu wa ndizi, kutoka migomba ile. "Radhi nimekupa," akamwambia Nassor. "Kakimbia wangu, mkakimbia nyie. Hatudaiani." Bi Raya akamwekea mwanawe mkono kichwani, akamsomea. Meli ikaondoka naye.

Kisha kimya.

Wiki zikapita. Redio inasema Kongo watu wanauawa, na wengine wanasema waandishi nao wamo. Bi Raya akaacha hata kutia chumvi kwenye chakula.

Hadi siku gazeti la Unguja likafika na habari yenye jina la Nassor. Nikaombwa niisome kwenye baraza ya kahawa, karibu na mlango wa Bi Raya, naye amesimama nyuma ya pazia. Kuna mmoja akanikatiza kabla sijaanza: habari kama hizo hutungwa Unguja, jina tu wanaliazima. Nilitaka kumrukia. Mzee Faki, aliyekuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, akanishika kanzu.

"Soma kwanza."

Nikasoma mstari wa mwanzo: "Leo risasi zimelia, nami nimekimbia."

Mzee Faki akapiga goti lake kwa kofi. "Ndiye. Yu hai huyo. Endelea, yaliyobaki yote ya kweli."

Nyuma ya pazia Bi Raya akapiga kigelegele, peke yake, kirefu.

Nassor alirudi salama, na koti la watu akalirudisha.

Nilichojifunza wakuu: mwandishi akikubali kuandika kwamba yeye mwenyewe alikimbia, mwamini pia akiandika kwamba wengine walisimama. Vest ya risasi nunueni, sikatai. Lakini radhi haiuzwi dukani.

Haya, nanyi semeni. Kabla ya safari yako kubwa ulimtaka nani radhi, na alikutaka ufanye nini? Wa Kengeja, kama mna kizazi cha Tafrani, kipeni salamu zangu. Babu yao nimeshamsamehe.