Ndoo ya Bi Muhiba Kizimbani

Bi Muhiba alikuwa na ulimi, hilo mtaa mzima wa Shauri Moyo walilijua. Lakini alikuwa na mkono pia, na kwa ajili ya mkono ule watu waliuvumilia ulimi. Vitumbua vyake vilikuwa laini ndani, vikavu ukingoni, na harufu ya hiliki ilikupokea kabla hujafika mlangoni. Wanaume waliokwenda viwandani alfajiri walivila wakitembea, wakijifuta samli kwenye suruali za kazi.

Alizaliwa Mombasa. Mumewe Hamidi, fundi cherehani, ndiye aliyemleta Nairobi. Watoto hawakujaliwa. Hamidi alipofariki alimwachia chumba kimoja cha kupanga, chuma cha kupikia vitumbua, na jina la mke wa mtu mwema. Kwa vitu hivyo vitatu mama yule aliishi miaka, hamwombi mtu kitu.

Na hebu nikwambie jambo ujue uchungu wa haya yajayo. Kule pwani wako wanawake wanaotia tembo, ile pombe ya mnazi, katika unga ili uumuke. Bi Muhiba hakutaka hata kulisikia. "Tembo haliingii kwangu, hata kwa dawa," alikuwa akisema, na akisema anakutolea macho kana kwamba umelificha kwenye kanga. Yeye alibakiza unga wa jana kikombe kimoja, akauchanganya na mchele mpya uliolowekwa na kutwangwa, akatia tui na sukari, akafunika. Hiyo ndiyo chachu yake. Waliosoma wanasema ndani ya chachu mna vijidudu hai, vidogo hata jicho halivioni, vinakula ule utamu na kutoa pumzi, na pumzi hiyo ndiyo inayoinua unga. Bi Muhiba hakuwa na habari ya vijidudu. Alijua kwamba unga unapumua, na kwamba ukipumua vizuri unaupika, usiusubirishe.

Aliyeyajua haya sawasawa na yeye ni jirani yake wa mkabala, Khadro, mke wa Jimale mfanyabiashara wa ng'ombe. Khadro alipika anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, kila asubuhi, na anjera nayo haina maajabu mengine, ni unga uliolazwa ukachacha. Chachu ya mmoja ikifa, alivuka na kikombe kwa mwenzake. Ilifika mahali hakuna aliyejua chachu ipi ilikuwa ya nani.

Basi miaka ile ya hamsini askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta pombe ya kienyeji. Pombe yenyewe iliuzwa mchana kutwa katika kilabu chenye kibali, watu wakitoka humo wanapepesuka, wala hakuna aliyewagusa. Haramu ilikuwa ile ya jikoni kwa mwanamke. Ukiitafuta akili ya mambo hayo utaumwa kichwa bure.

Asubuhi moja koplo aliingia kwa Bi Muhiba bila hodi, askari wawili nyuma yake. Akafunua ndoo. Unga ulikuwa umejaa mapovu, unatoa sauti ndogo ndogo.

"Nini hii?"

"Unga wa vitumbua, mwanangu. Si ulikula hapa jana?"

"Unachemka bila moto. Hii pombe."

"Ala! Pombe ya kukaanga kwa samli? Keti. Makaa yako tayari. Nitakupikia hapa hapa, ule, kisha uniambie umelewa."

"Ushahidi hauliwi, mama."

Mwone! Kinywa kile kile kilichokula jana. Bi Muhiba alimwomba, akamtukana, akamwomba tena: onjeni leo, pikeni leo. Hawakumsikiliza. Walichukua ndoo na mwenye ndoo, wakapita nao katikati ya mtaa, na watoto wakafuata wakiimba "Mama Pombe, Mama Pombe." Bi Muhiba alijifunika uso kwa buibui, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu wale.

Jioni walimwachia aende akangoje kesi. Ndoo ilibaki kituoni, katika stoo ya mabati yenye joto la tanuri. Na huko ndani, jamani, vile vijidudu viliacha kazi? Havijui jela wala kufuli. Vilikula sukari mpaka ikaisha, tui likaoza, maji yakajitenga juu. Wiki ilipita, na nyingine juu yake.

Ofisi ya nyumba, ile iliyopangisha vyumba vya mtaa, ilikuwa na sheria yake: mwanamke akitiwa hatiani kwa pombe, chumba kinachukuliwa. Bi Muhiba alielewa kwamba chumba, kazi na jina la Hamidi vyote vimo katika ndoo ile. Akavuka kwa Khadro.

"Dada, njoo useme neno moja tu. Sema ule ni unga. Wewe unao kama ule jikoni kwako."

Khadro aliangalia ndoo yake mwenyewe pembeni, iliyofunikwa sahani. "Nitakuja, wallahi. Nitakuacha vipi?"

Siku ya kesi Khadro hakuonekana. Bi Muhiba aligeuka kutazama mlango kila ulipofunguliwa, mpaka askari akamwamuru atazame mbele.

Ndoo ililetwa na askari wawili waliogeuza nyuso pembeni. Walipoifunua, chumba kizima kilishika pua. Juu yalisimama maji ya rangi ya kijivu, chini tope, na harufu, lo, harufu ilikuwa ya pombe kweli, tena pombe iliyoharibika! Bi Muhiba mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

"Huu si unga wangu!" alipiga kelele. "Yaani ni wangu, lakini mmeuacha! Mlipouchukua ulikuwa mtamu. Kitu hiki kiko hai, bwana hakimu, hakingojei kesi. Hata maziwa ukiyaweka huko yatakuwa kitu kingine. Niliwaambia waupike siku ile, wakakataa. Sasa mnanihukumu kwa uvundo walioupika wao stooni kwao!"

Hakimu, Mwingereza mwenye leso puani, alimtazama mkalimani. Mkalimani alisema maneno matatu manne ya Kiingereza. Maneno yote yale, mama wa watu ametokwa jasho na machozi, yakawa matatu manne!

"Umemwambia nini?" Bi Muhiba aliuliza.

"Nimesema unakana."

Hakimu akauliza kama ana shahidi. Bi Muhiba alitazama mlango mara ya mwisho, akasema hana. Hakimu akasema pua yake mwenyewe inamtosha. Hatia.

Ofisi ya nyumba haikuchelewa. Siku aliyotakiwa kutoka, Bi Muhiba alipakia kitanda, chuma cha vitumbua na masufuria kwenye mkokoteni, aende Majengo alikopata pa kujishikiza. Wanawake wa mtaa walisimama milangoni. Ni wale wale waliokula kwake sikukuu zote, na leo kila mmoja alikuwa na huruma tele usoni. Huruma ya bure!

Khadro alitoka mbio, macho mekundu, akaushika mkokoteni.

"Nisamehe, dada. Jimale alinikataza. Alisema wakija kwetu watakuta ndoo kama ile, tutafukuzwa sisi na watoto." Kisha akawageukia wanawake, akapaza sauti mpaka ikapasuka: "Ule ulikuwa unga! Naapa, ulikuwa unga! Chachu yake na yangu ni moja! Huyu mama hajawahi kupika pombe maishani mwake!"

Wanawake waliitikia kwa vichwa, mmoja mmoja, wakitazama chini.

Bi Muhiba alikaza kamba ya kitanda, akaibandua mikono ya Khadro kutoka kwenye mkokoteni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Hayo ungeyasema kule," alisema. "Hapa nani asiyejua?"