Kupunguza Nguvu za Bashikulu

Miezi ile ambayo serikali hufunga uvuvi ili samaki wazae, Kashikishi, mji wetu wa kando ya ziwa, hujaa wanaume wasio na la kufanya. Asubuhi wanashona nyavu, na ikifika saa nane mchana hakuna tundu lililobaki. Ndiyo maana chumba changu cha michezo kilikuwa hakikosi watu.

Nasema changu, lakini televisheni, jenereta na mashine ya michezo vilikuwa vya mwenye duka la vipuri vya injini, barabara ya kwenda Nchelenge. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvisimamia. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, nimeuza mikate Mansa, nimebeba kreti Lubumbashi, nimepaka rangi boti Pweto, na sikuwa nimewahi kumaliza nusu mwaka mahali pamoja. Pale nilikaa mwaka na miezi kadhaa, kwa sababu ya diski moja ya mchezo wa mapigano.

Ilikuwa na wapiganaji kumi na wawili, na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Siku moja, nikibonyeza ovyo, niliingia ukurasa wenye mistari saba ambayo hakukuwa na mtu wa kunisomea. Nikawa nabadilisha mstari mmoja, nashika padi mbili za kuchezea peke yangu, moja kwa kila mkono, napigana, kisha naandika daftarini kilichobadilika. Ilinichukua wiki tatu. Mstari wa nne ndio ulionifurahisha: ulipunguza au kuongeza nguvu za mpiganaji wa upande mmoja, hatua kwa hatua. Tangu siku hiyo nilijiona fundi.

Wachezaji waliwapa wapiganaji majina yao wenyewe. Mwanamke wa upanga walimwita Bamayo, yaani mama. Mzee mmoja mwenye fimbo ndefu, mzito wa kutembea, walimwita Bashikulu, yaani babu, na karibu hakuna aliyemchagua.

Aliyemchagua alikuwa mama mmoja mfanyabiashara kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, mwenye umri wa mama yangu. Alikuwa akileta vitenge na chumvi, akirudi na unga. Mara ya kwanza aliingia kukimbia jua tu, akisubiri boti yake ipate mzigo wa kutosha, jambo ambalo miezi ile lilichukua wiki kadhaa. Alitazama tu siku mbili. Siku ya tatu akaomba padi. Baada ya wiki moja alikuwa haondoki kwenye benchi, maana kanuni ilikuwa mshindi anabaki, aliyeshindwa anampisha mwingine.

Hapo malalamiko yakaanza. Aliyeyaleta alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa boti moja kubwa, mtu wa kifua na wa maneno mengi, ambaye mama alimshinda mara nne mchana mmoja.

“Mwenye mashine,” aliniambia, “ile fimbo ya ule muzee iko murefu sana. Mutu hafike karibu. Mupunguze.”

Sikutaka kumsikiliza mtu mmoja. Nikaamua kumuuliza kila aliyeingia kama fimbo ya Bashikulu imezidi, na kila jibu nikalichorea mstari wa chaki kwenye mlango, ndiyo upande huu, hapana upande ule. Kufikia jioni kulikuwa na mistari tisa ya ndiyo na miwili ya hapana, wa fundi baiskeli na wa mwalimu wa kwaya. Mama sikumuuliza, kwani nilidhani jibu lake nalijua.

Kesho yake nikampunguzia Bashikulu hatua mbili za nguvu, nikamweleza mama sababu. Akasema tu, “Bon,” yaani sawa, akakaa kucheza. Akashindwa na mtu wa tatu.

Kapita akamuuliza kama muzee wake leo amelala. Mama akacheka, akasema amezeeka, akanirudishia padi na kujifunga kitenge vizuri. Siku iliyofuata hakuja, wala siku ya pili. Nilimwona sokoni ameketi juu ya magunia yake, hana shughuli, nami nikajiambia kwamba mchezo umemchosha.

Chumba kilitulia siku nne. Siku ya tano kapita akaniambia Bamayo ana upanga wa haraka mno. Nikachukua chaki tena, nikauliza tena, na jioni ikawa mistari tisa ya ndiyo, kama mara ya kwanza.

Ile tisa ndiyo iliyonishtua. Nikakumbuka sura moja moja: wote walikuwa wa boti ya kapita. Nimekulia kwenye mwambao huu. Ndani ya boti, kapita akisema vuta, hakuna anayejadili upande wa kuvutia. Nilikuwa nimehesabu watu tisa, kumbe nimemhesabu mtu mmoja mara tisa.

Asubuhi niliwafuata kwenye nyavu zao, kila mmoja kwa wakati wake, kapita akiwa hayupo. Safari hii sikuuliza habari ya fimbo. Niliomba wanisimulie walivyoshindwa na Bashikulu mara ya mwisho. Watano hawakuwahi kucheza naye kabisa, na mmoja wao alikiri kwamba anakuja kwa ajili ya kivuli. Wanne waliobaki walinipa hadithi ileile. Mmoja alisema, “Niliruka, akanipiga. Nikaruka tena, akanipiga tena.”

Mchana nikamkabidhi kapita Bashikulu mwenye nguvu zake zote, mimi nikachukua mpiganaji wa kawaida. Nikamshinda mara tatu mfululizo. Alimtazama mzee amelala chini, akasema kwa sauti ya chini, “Huyu eko polepole sana.”

Nikaenda sokoni. Mama alikuwa palepale juu ya magunia. Nilimsalimu, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba nimekosea.

“Uliandika ku mulango, mutoto,” alisema. “Nilihesabu. Bale beko bengi, miye niko moya.”

Nikamwomba angalau anieleze kwa nini alimchagua Bashikulu, mzito vile.

“Sababu anangojea. Bote banaruka tu, hakuna mwenye anabaki chini.”

Nilimwambia mzee amerudishiwa nguvu zake na mlango nimeufuta. Alinitazama kama anayepima kitenge, akamwachia jirani yake magunia, tukaondoka pamoja.

Kapita alikuwa kwenye benchi na watu wake nyuma yake. Mama akaketi kando yake, akamchagua Bashikulu. Raundi ya kwanza kapita aliruka, kwa mazoea, akapigwa. Raundi ya pili hakuruka. Alibaki chini, akasogea kidogo kidogo chini ya ile fimbo, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama akiinamia mbele. Kapita alishindwa kwa tofauti ya unywele mmoja. Badala ya kunigeukia mimi, akamgeukia mama, akamuuliza angefanya nini pale mwisho. Mama akamshika dole gumba, akaliweka kwenye kitufe kingine.

Hapo mtu wa boti ya mama akachungulia mlangoni kusema mzigo umetimia, wanamsubiri yeye tu.

“Bangojee kidogo,” mama alisema, bila kuondoa macho kwenye televisheni, akamchagua Bashikulu tena.