Dubai Yangu ya Chamazi

Naitwa Salha. Ninaandika haya nimekaa barazani kwa mama, Mbagala, mguu wa kushoto nimeulaza juu ya stuli. Wenzangu wa kliniki ya sukari ndio walionisukuma. Mama mmoja wa Kimbiji aliniambia kwamba kama niliweza kusema na umati wote ule wa mtandaoni kuhusu mikoba, basi sishindwi kusema nao kuhusu mguu. Alinishika pabaya. Ila nawaambia mapema kwamba ninaandika kwa woga, na woga wenyewe mtausikia.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa mavazi mtandaoni. Kwetu ni Waarabu wa duka, tumeuza vitambaa Mbagala tangu enzi za babu, na hata nikifumba macho naweza kukwambia hiki ni hariri na hiki kinajifanya hariri. Basi nikaona kipaji hicho nisikizike nyuma ya kaunta. Nikaanza kujipiga picha nimevaa vitu vya bei mbaya, nimeegemea gari la mtu, chini yake maneno mawili ya Kizungu. Watu wakanifuata, wakawa wengi kuliko nilivyowahi kuota. Wao walijua naishi Mbezi Beach. Mie nilikuwa napanga chumba na sebule Chamazi, karibu na uwanja wa mpira, na lile geti jeusi mlilolizoea kwenye picha zangu lilikuwa la jirani.

Kazi hii ina mambo yake, na mashoga zangu wanisamehe nikiyasema. Gauni linaazimwa dukani, lebo inakunjwa ndani ya mgongo, jioni linarudi. Mkoba mmoja unazunguka kwa watu kadhaa. Feki hatukuthubutu, maana wafuasi wana macho, wanaivuta picha mpaka wanahesabu mshono. Mie na rafiki yangu Zaituni, ambaye pia ndiye aliyekuwa akinipiga picha, tulikuwa na jozi moja ya viatu og, yaani halisi, visigino virefu, kamba ya dhahabu. Vilikuwa namba thelathini na nane, mguu wa Zaituni. Mie navaa arobaini. Nilikuwa navivaa hivyohivyo, vidole nimevikunja, natabasamu.

Na safari nazo zina utaratibu wake. Ukitangaza umesafiri, unapiga picha na sanduku uwanja wa ndege, unapanda bajaji unarudi kwako, unajifungia ndani. Binamu yake Zaituni anafanya kazi Dubai, alikuwa anatutumia video za mitaa na vioo vya maduka, sisi tunaziposti. Sheria ni moja: anayesafiri haonekani. Huendi dukani, huaniki nguo nje, hupokei mgeni. Mpaka siku ya "kurudi".

Ugonjwa wangu ulianza kwa kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo likajaa na koo bado kavu. Nikawa naenda haja ndogo kila saa, na nikiingia chooni nakuta sisimizi wamejaa pale nilipokojoa. Mwili ukaanza kupungua. Mashavu yakaingia, kiuno kikatokeza. Wafuasi wakafurahi sana. Wakaniuliza siri yangu, na mie, Mungu anisamehe, nikawapa siri: maji ya ndimu na tangawizi kabla ya chai. Niliwafundisha wanawake wenzangu kuugua na wakanishukuru.

Mama hakushukuru. Kila nikienda dukani kwake alikuwa ananishika mkono na kuuzungusha kama anayepima kitambaa kilichopungua. Akaniambia nikapime. Nikamjibu kwamba nipo kwenye dayeti. Baba yangu alikufa kwa sukari. Ilianza na macho, ikaja na miguu, na chumba chake nilikuwa naogopa kuingia kwa sababu ya harufu. Nilikuwa mdogo. Niliweka akilini kwamba sukari ni ya wazee, nikafunga mlango hapo.

Miguu nayo ilikuwa imeanza ganzi. Nikikanyaga sakafu nahisi kama nimekanyaga godoro. Tena nilifurahi kidogo, maana vile viatu vya Zaituni vilikuwa haviniumi tena. Siku moja tulipiga picha mchana kutwa Masaki, juani, na nilipovivua nikakuta damu ndani. Pembeni ya kidole kidogo ngozi ilikuwa imechanika yote, nyama inaonekana. Nilibonyeza kwa kidole. Sikusikia chochote. Nilichokifanya kwanza ni kufuta damu kwenye kiatu.

Kipindi hicho mama mwenye duka moja kubwa la mabaibui Kinondoni alikuwa ameahidi kunifanya sura ya duka lake. Ufunguzi ulipangwa Ijumaa, nami nilitakiwa nitokee pale nikitoka Dubai moja kwa moja na sanduku langu. Basi nikatangaza safari. Nilimdanganya hata mama. Nikajifungia Chamazi na kile kidonda.

Ndani ya Dubai yangu kidonda kikageuka. Kikatoa usaha, kidole cha jirani nacho kikavimba na kuwa cheusi kwenye ncha. Zaituni alikuja na chakula akakiona kidonda, akashika mdomo. Nilitaka dawa, lakini duka la dawa lipo mtaa uleule, na binti anayeuza pale ni mfuasi wangu, ametoka tu kuniandikia nimletee manukato. Zaituni akaenda kununua kwa niaba yangu, akasema ni za shangazi yake. Alileta vile vidonge vya rangi mbili. Nikavifungua nikamwaga unga wake kidondani, kama nilivyoona watu wakifanya tangu utotoni. Unga ukaganda juu, chini kukaendelea kuoza.

Sasa mnisikilize hapa. Ilinibidi niposti picha ya asubuhi hotelini. Tukatandika shuka jeupe kitandani kwangu, nikanyoosha miguu, na kwa kuwa weusi ulikuwa unaonekana, nilichukua fondesheni yangu ya usoni nikaupaka. Nilipaka vizuri, kwa sponji, nikakizungushia mpaka kidonda kikafanana na ngozi. Watu wakaandika kwamba miguu yangu ni kama ya mtoto mchanga.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Homa ilipanda, meno yakagongana kwenye joto la Dar es Salaam. Mguu ukavimba mpaka juu ya kifundo, unang'aa. Inzi wakawa wanapenya kwenye wavu wa dirisha na kutua kwenye bandeji. Na harufu ikaja. Nikachoma udi, udi ukaisha, harufu ikabaki. Niliijua. Ilikuwa ya chumba cha baba. Nililala nimeukazia macho mlango, naogopa mtu asiingie, na wakati huohuo naomba mtu aingie.

Nilimwambia Zaituni nipelekwe hospitali. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia, kisha akasema, "Shoga, tukitoka hapa tumekwisha wote. Vumilia Ijumaa ipite, nakupeleka mwenyewe." Simlaumu sana. Nilikubali, si nilikubali mwenyewe? Nilikuwa naogopa kufa, na nilikuwa naogopa zaidi kuonekana Chamazi.

Jumatano alasiri mama akapiga simu. Nilikuwa napokea sauti tu, video nasingizia mtandao. Kwake nilisikia redio ya dukani ikitangaza mpira. Akaniuliza nakula nini, nikamwambia wali na samaki wa kuchoma, ulimi ukiwa mzito kama umefungwa uzi. Mara uwanja wa hapa kwangu ukalipuka kwa kelele na mavuvuzela, mabati ya nyumba yakatetemeka. Nikaufunika mdomo wa simu nimechelewa. Kisha kule kwa mama mtangazaji naye akapaza sauti: goli.

Redio ikazimwa.

"Salha," alisema, "huko Dubai wanashangilia goli la Chamazi?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga kingine. Nikasema, "Nipo Chamazi, mama. Mguu unaoza."

Hakuuliza zaidi. Alikuja na bajaji, duka ameacha wazi akimwachia jirani. Alipofungua mlango alisimama kidogo, nikaona pua yake inacheza. Akaifungua bandeji. Mama yangu si mtu wa kulia, alichosema tu ni kwamba harufu ile aliiosha miaka mingi na hakutegemea kuiosha tena kwa mwanawe. Akanivika baibui lake, wakanibeba yeye na dereva wa bajaji.

Hospitali tuliketi kwenye benchi, na binti mmoja akamgusa mwenzake. Nilisikia anauliza kama huyu si yule aliyepo Dubai. Simu ikainuliwa. Nikauvuta mtandio usoni, nikaona hata kupumua siwezi. Mama akaushusha mtandio, akasema nahitaji hewa kuliko heshima.

Kipimo cha sukari kilikataa kutoa namba, kikaandika tu kwamba imezidi. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Nilimwamkia, akaitikia huku ameinama kwenye mguu.

"Hii rangi ya kahawia hapa ni dawa gani?"

Mama akanitazama.

"Fondesheni," nikasema.

"Ya usoni?"

"Ya usoni, daktari."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alieleza kwamba sukari imekaa mwilini siku nyingi mpaka imeua hisia za miguu, ndiyo maana kiatu kilinikata nisisikie. Akaendelea, "Vidole viwili vimeshakufa, tunavitoa leo. Tukifungua tukakuta ndani kumeoza zaidi, tutakata chini ya goti. Sitaki nikudanganye, dada."

Nimeandika woga mara nyingi humu, lakini ule ulikuwa mwingine. Nilimshika mama mkono mpaka kucha zikamwingia. Njia nzima ya kwenda chumba cha upasuaji nilikuwa nautazama mguu wangu, nikijaribu kuukariri, lile kovu la utotoni la kuangukia jiko. Nilikuwa nimeupiga picha sijui mara ngapi na sikuwahi kuutazama.

Nilipozinduka sikufungua macho. Dripu ilikuwa mkononi, koo limekauka. Nilisikia tasbihi ya mama inagonga. Nikamwomba aniambie, akajibu kwamba nishike mwenyewe. Nikakataa, nikalia kama mtoto. Akauchukua mkono wangu, akaupeleka chini taratibu, akauweka juu ya muundi. Ulikuwa wa moto. Ulikuwepo. Sikumbuki kama niliwahi kushika kitu cha thamani vile.

Kupona hakukuwa lelemama. Kila asubuhi walifungua shashi na kukwangua nyama mbovu. Mwanzoni sikusikia, baadaye pembeni kukaanza kuuma, nikapiga yowe, na muuguzi akamwita daktari, wakafurahi kwa sababu kilicho hai ndicho kinachouma. Nikafundishwa kujidunga insulini tumboni. Kila siku niliogopa wasije wakasema kidonda kimerudi nyuma, na mara moja walisema hivyo kweli, nikarudishwa kukwanguliwa tena chumba cha upasuaji.

Picha ya benchini ilikuwa imeshasambaa. Zaituni alikuja kuniona, amekonda kwa mawazo. Alikuwa ameshaandaa maneno: tuseme nilipata ajali Dubai, nimerudishwa kwa dharura, watu watanionea huruma na duka la mabaibui litangoja. Yalikuwa maneno mazuri. Nilijua yangekubalika. Nilitazama shashi pale mwisho wa mguu, nikafikiria namna ninavyoweza kuupaka rangi tena, nikaona basi. Nikamwomba anipige picha moja ya mwisho. Alidhani nataka ya uso. Nikafunua shuka.

Niliiposti bila kugusa chochote, vidole vitatu na mshono, nikaandika kwamba sikuwa Dubai, nilikuwa Chamazi na sukari. Nilitukanwa matusi yanayojaza gunia. Wengi waliondoka, na duka la Kinondoni lilipata sura nyingine. Ila wapo walioniandikia kwa siri kwamba na wao miguu imewafa ganzi, na wao wanasifiwa kwa kukonda. Wawili wamekwenda kupima, sasa nipo nao kliniki.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama, na nawashukuru wale waliokuwa wakishika mguu wangu bila kuziba pua. Nawe unayesoma, kiu isipoisha na mwili ukapungua bila sababu, usingoje sifa za watu, kapime. Usimwage unga wa vidonge kidondani. Tazama nyayo zako kila asubuhi, tumia hata kioo. Mie natazama, na kila nikikigeuza kioo moyo unanienda mbio. Na vaa kiatu cha namba yako. Mama amenitafutia viatu vipana, vibaya kwa kweli, arobaini.

Wiki iliyopita nilirudi Chamazi kutoa vitu vyangu. Njiani nikapita mbele ya lile duka la dawa, mguu unaburuta kidogo. Yule binti akaniona. Labda yeye ni wa wale ambao hawakuona picha ile, au aliiona akaamua kunisitiri, sijui. Akauliza kwa uchangamfu, "Dada Salha, umerudi lini Dubai?"

Woga ule wa zamani ukanipanda. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limenyooka, limevaa vizuri.

"Sikwenda, mdogo wangu," nikamwambia, na nikampa kidole akichome. "Hebu nipime sukari."