Mvua Niliyomtegea Mungu

Mume wangu tulimzika kwao, kijijini nje ya mji wa Shinyanga. Maisha yetu yalikuwa Geita, mtaa wa Kalangalala, tangu binti yetu akiwa mchanga. Mume wangu alikuwa fundi wa karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu, na mimi nilikuwa nawapikia wasagaji na waoshaji wa mchanga. Vumbi la mawe lilimkaa kifuani miaka mingi, mwisho likamchukua. Juu ya kifo chake sina maneno mengi. Wanawake wa kwao walinishangaa msibani, maana walizoea mjane anayelia hadi majirani wa mbali wakasikia. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama vidole vya miguu yangu.

Sikurudi Geita baada ya maziko. Katika ukoo ule mjane hukaa kwa mumewe mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo baba mkubwa humwuliza mbele ya watu: unakaa au unakwenda? Halazimishwi, lakini jibu likishatoka limetoka. Akisema anakaa, hupewa eneo lake la kulima na kuhesabiwa mwenyeji. Akisema anakwenda, huombewa heri na kusindikizwa, na hategemewi kurudi msimu mwingine kudai shamba. Kwa kuwa kilimo kilikuwa kimekaribia, wazee walisema matanga yataanuliwa watu wakishapanda. Nikapewa muda wa kufikiri, na muda huo ndio ulionitesa.

Aliyenifunga moyo ni mama mkwe. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu, na nyumba yake ilikuwa imebaki naye peke yake. Wifi yangu aliishi ng'ambo ya njia, lakini alikuwa na mume na watoto wengi wa kuwahudumia. Nikikaa, mama angekuwa na mtu wa kumshika mkono. Nikienda, ningerudi kwenye meko yangu, kazi niliyoianza kwa sufuria moja ya kuazima na kuifanya mpaka watu wakanijua kwa maharage yangu. Mwanamke mwenzangu alikuwa amenishikia sehemu ile pale karibu na makarasha, lakini alishanipigia simu. "Mama," alisema, "wenye njaa hawasubiri matanga. Useme mapema kama unarudi."

Nilitaka Mungu aamue. Nilisali asubuhi na jioni: Bwana, mapenzi yako yatimizwe. Nilirudia maneno hayo mpaka yakawa membamba kama sabuni inayokaribia kwisha, na bado sikujua niende au nikae.

Nilikwenda kwa katekista wa kigango chetu. Nilimkuta anafunga bawaba ya mlango wa kanisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Pole na msiba."

Nilimweleza. Alinisikiliza huku misumari ikiwa mdomoni, kisha akaitoa. "Ukisali, huwa unaongea wewe tu?"

"Naongea mimi."

"Basi ukimaliza, nyamaza. Na yeye umpe nafasi."

Nilijaribu. Nilikaa kimya chini ya ukuta wa nyumba nikitega sikio. Nilisikia jogoo, mtwangio wa jirani, na tumbo langu. Nilirudi nikamwambia katekista ukweli, kwamba nimesikia jogoo. Alicheka hadi akaegemea ule mlango, akasema hata yeye mara nyingi husikia hivyo hivyo, niendelee.

Binti yangu amepanga chumba Kambarage, mjini, anashona nguo. Nilikwenda kumwona, na jirani yake, mama mmoja mchangamfu wa maombi, aliniambia njia anayoitumia yeye: unasali, unafumba macho, unaifungua Biblia popote na kuweka kidole. Hapo ndipo jibu lako lilipo. Nilifumba macho nikaweka kidole. Kiliangukia orodha ya majina: fulani alimzaa fulani, na fulani akamzaa fulani, ukurasa mzima.

"Anakwambia uzae tena," alisema yule jirani.

"Na nani?" nikamwuliza.

Binti yangu aliinamisha kichwa juu ya cherehani, mabega yakawa yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu baba yake afe, na kwa sababu hiyo peke yake sikujutia nauli.

Niliporudi kijijini, wifi alikuwa amechoka kuniona nazunguka. "Wifi yangu, unahangaika bure. Twende kwa mfumu. Unampelekea kuku, anampasua, anasoma ndani. Utajua leo leo. Babu zetu walihama, wakaoa, wakajenga kwa kuku tu."

"Mimi ni mtu wa kanisa, wifi."

"Kuku hajui dini yako."

Nilikataa, na nilijisikia mtu safi kwa kukataa. Halafu, nikiwa na usafi wangu huo, nikafanya langu. Nilikuwa nimepewa jaruba moja la mpunga kwa msimu ule, ng'ambo ya majaruba ya wifi, yametenganishwa na tuta tu. Udongo ulikuwa mkavu, umepasuka. Nilisimama juu ya tuta nikasema kwa sauti: "Bwana, mvua ikijaza jaruba hili kabla ya Jumapili, nakaa. Isipojaza, naenda Geita." Nikarudi nyumbani nimetulia. Niliona kwamba sasa jambo liko kwake, mimi nimemaliza.

Anayeijua mvua ya Shinyanga angenionea huruma. Mvua ya kwetu huchagua. Inaweza kunyesha kwa jirani mpaka vyura wakalia, na kwako ukabaki unafagia vumbi. Lakini nilikuwa nimelisahau hilo, au sikutaka kulikumbuka.

Ijumaa mchana mawingu yakapanda kutoka upande wa ziwa, meusi, yakiwa na upepo mbele. Nilichukua jembe nikakimbilia jarubani. Mvua ikashuka. Ilipiga majaruba ya wifi kwa nguvu, nikaiona kama pazia lililoning'inizwa juu ya tuta, na upande wangu ikalowesha kona moja, kisha ikaondoka zake kuelekea barabarani. Jua likawaka. Wifi alikuwa amesimama katikati ya maji, kanga imemganda mwilini.

"Wifi! Njoo uoshe miguu huku! Kwako naona mnasubiri kipindi cha pili!"

Nikasema moyoni: basi, naenda Geita. Nikashangaa jinsi mwili wangu ulivyokuwa mwepesi. Nilipogeuka kuondoka nikasikia kishindo kidogo cha tope. Tuta lilikuwa limekatika. Maji ya wifi yakamiminika jarubani kwangu, yakajaza zile nyufa, yakapanda, yakafika pembe zote nne.

"Unaniibia maji!" wifi alipiga kelele. "Unaniibia mchana kweupe! Ziba! Ziba!"

Tuliziba wote wawili kwa mikono na jembe, tope mpaka kwenye nywele. Tulipomaliza, jaruba langu lilikuwa limejaa, na si mvua yangu iliyolijaza. Nilikaa juu ya tuta. Sikujua Mungu amesema nini. Nilijaribu kukumbuka maneno yangu, kama nilisema mvua ijaze au jaruba lijae, kama mtu anayetafuta upenyo kwenye mkataba.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akichambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa vidole vyake vilivyokuwa vikiona kuliko macho. Alinisikia ninavyokuja.

"Mayu," aliniita, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa upendo, "unatembea kama mtu aliyepoteza ng'ombe."

Nikamwambia yote. Sala, jaruba, mvua ya wifi, tuta. Sikumficha hata ule wepesi nilioupata mvua ilipoondoka, ingawa nilipofika hapo sauti yangu ilishuka. Kicheko kikaanza kumpanda kutoka chini, akauweka ungo pembeni usimwagike.

"Kwa hiyo kuku wa mfumu umemkataa," alisema, "halafu umekwenda kusoma matumbo ya mawingu!"

Nilicheka nami, lakini iliniuma, maana ilikuwa kweli.

Kicheko kilipoisha akasema, "Mimi nataka ukae. Sitakudanganya. Asubuhi nikisikia unawasha moto, najisikia kama mwanangu yuko ndani bado amelala. Lakini sitaki ukae kwa sababu ya mvua. Mwaka ambao haitanyesha utakuwa unatazama barabara, na mimi nitajua, hata kama sioni."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Huyo Mungu wako umemwambia unachotaka?"

"Nimemwambia mapenzi yake."

"Hayo anayajua. Yako umemwambia?"

Niliingia ndani nikavua nguo za tope, nikaoga, nikakaa kitandani. Kisha nikasema, bila kupiga magoti, kama mtu anayeongea na mtu: Nataka kurudi Geita. Napenda kazi yangu. Napenda kelele za makarasha zinapowashwa asubuhi, na wale watu wenye vumbi usoni wanaonitania kuhusu chumvi. Namwonea huruma mama, na nampenda, lakini nikikaa hapa nitakuwa nakaa ndani ya msiba. Nilikuwa naogopa kusema kwa sababu niliona ni dhambi kutaka hivyo. Nimeshasema. Kama hutaki, nizuie.

Sikusikia sauti yoyote. Kilichotokea ni kwamba niliona njaa. Tangu mazishi nilikuwa nakula kwa kulazimishwa, na jioni ile nilikula michembe kwa karanga mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimewabakizia kuku. Sijui kama njaa ni jibu la Mungu. Katekista nilipomwuliza baadaye alisema hana hakika, lakini amewahi kuona majibu mabaya kuliko hilo.

Kabla ya kuanua matanga nilimwambia mama mkwe usoni kwamba narudi Geita. Siku yenyewe ilipofika watu walijaa. Nilinyolewa, nikaogeshwa, nikavishwa kitenge kipya. Baba mkubwa, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, alisimama akaniuliza lile swali.

"Naenda, baba," nilisema. "Narudi Geita kwenye kazi yangu."

Mwanamke mmoja nyuma akaguna. Mwingine akasema, si kwa kunong'ona sana, kwamba watu wa dhahabu moyo wao huwa mgumu. Nilitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, lakini kujiandaa hakukunisaidia.

Mama mkwe akapapasa fimbo yake, akasimama.

"Nimemsikia," alisema. "Aliniambia mwenyewe kabla yenu, usoni. Ninyi mlioguna, nani kati yenu amewahi kuniambia jambo usoni?" Akagonga fimbo chini. "Mnasema anayekwenda hadai shamba. Sawa, yeye hadai. Mimi ndiye ninayesema: jaruba lile lisipewe mtu. Msimu wa kupanda akija, alikute. Na asipokuja, wifi yake atalima, maji yenyewe yalikuwa yake."

Watu walicheka, na wifi akacheka kuliko wote. Baba mkubwa alitafakari, akatazamana na wazee wenzake. Akasema desturi hiyo haikuwepo, lakini mwenye mji ameongea mwenyewe, na yeye hawezi kusimama katikati ya wanawake wawili waliokwisha kuelewana. Akaniombea heri.

Nimekuwa Geita tangu hapo. Sikusema uongo niliposema naipenda kazi hii. Alfajiri nawasha moto, naloweka mchele, na makarasha yakianza kunguruma nasikia pengo la mtu mmoja katika kelele ile, kila siku, na bado naamka na furaha. Sikujua mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja. Mvua zikianza napanda basi la kupitia Kahama, naenda kupanda mpunga na mama, nakaa mpaka miche ishike. Safari ya mwisho nilimkuta macho yamefifia zaidi. Nilimwuliza kama ananilaumu. Alisema, "Siku nyingine, ndiyo," kisha akaniuliza nimemletea dagaa au nimekuja mikono mitupu.

Siku nyingine najilaumu pia. Ikifika siku hiyo namwambia Mungu hivyo hivyo, sipambi. Alama sijamwomba tena.

Juzi mteja wangu mmoja, mwoshaji wa mchanga mwenye mvi kichwani, alikaa mbele ya sahani bila kula. Alisema amesikia dhahabu imeonekana sehemu nyingine, mbali, wenzake wanahama, na yeye hajui afanye nini. Ameshakwenda kwa mfumu, na mchungaji amempaka mafuta.

"Niombee, mama. Mungu anionyeshe kama niende."

"Wewe unataka nini?"

Aliangalia huku na huku kama mtu anayeogopa kusikika. "Nataka kurudi kwa mke wangu nikalale. Nimechoka. Lakini usimwambie mtu."

"Simwambii mtu. Umwambie yeye unayetaka nimwombe."

Akavuta sahani karibu, akaomba aongezewe maharage.