Mchezo wa Kupigana Uliowaleta Wazee wa Jumuiya

Mimi ni mwalimu hapa Nyakahura. Nilitaka mchezo wa kupigana wa kwenye simu, nijifunze misingi yake vizuri. Mdogo wangu alinishauri kwa simu nianze na mpiganaji wa polepole, nami nikarudia kwa sauti, jirani akinisikia dirishani: "Sawa, nachagua wa polepole. Nitajifunza kukinga kwanza, ndipo nipige."

Jumapili wakaja wazee wa jumuiya yetu ya kanisani. Mume wangu, Baba Neema, mtu mpole, aliinamisha kichwa. Nikadhani kuna msiba.

"Mwalimu, Baba Neema amekukosea nini mpaka umpige?" akauliza mwenyekiti wao.

Sikuelewa kitu. Nikafungua simu kuwaonyesha kuwa ni mchezo tu. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma taratibu jina nililompa mpinzani wangu: "Baba Neema."