Mama Ukoka na Bwawa Lililohamishwa

Mama Ukoka alibeba mawe ujana wake wote, akatandika nyasi katika nusu ya nyumba za mtaa ule wa matajiri, lakini leo amesimama mbele ya geti la mwenye malori na mkono unakataa kubonyeza kengele.

"Bonyeza, Mama," akasema mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, aliyesomea kuchora bustani. Kwapani amebana bomba refu lenye karatasi za michoro ndani.

"Ngoja nipumue. Au kupumua nako nikuombe ruhusa?"

"Pumua, Mama. Ila humo ndani niachie mimi niseme. Tulikubaliana."

Hapo ndipo hofu ilipokuwa. Miaka yote Mama Ukoka aliuza kazi kwa mdomo. Alimzungusha mwenye nyumba uwanjani, akachora udongoni kwa kisigino: hapa njia ya mawe, hapa jiko la kuchomea nyama, hapa mtapunga upepo na wageni wenu. Na ulimi alikuwa nao, jamani! Watu walinusa maua kabla mbegu haijafika. Kwa bustani ndogo ilitosha. Lakini kazi kubwa, zile za mabwawa na taa za chini ya miti na sebule za nje, zilimponyoka moja baada ya nyingine. Matajiri walimsikiliza, wakacheka naye, wakampa chai, kisha kazi wakawapa waliokuja na picha. Mpaka nyapara wake akamwambia bila kumung'unya maneno, "Mama, na hapa tukitoka patupu, sisi tunakwenda kwa hao wenye picha. Tusilaumiane." Watu aliowafundisha mwenyewe kushika sepetu! Na sasa walikuwa nje ndani ya pikapu, wanangoja jibu.

Kengele ikalia, aliyeibonyeza ni mkwe.

Sebule ilikuwa kubwa na baridi, sakafu inang'aa mpaka Mama Ukoka akatembea kama anayevuka utelezi. Mwenye malori, pande la mtu, hakuinuka kwenye kochi. Mkewe alikaa karibu na dirisha, mikono mapajani.

"Nina haraka," akasema mwenye malori. "Nataka kuona bwawa langu. Pale mbele, mtu akiingia getini tu, macho yamtoke."

"Utaliona, baba," Mama Ukoka akaropoka, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemwahidi pale mbele, kwa kisigino chake.

Mkwe akakunjua karatasi mezani. Mama Ukoka hakuwahi kuutazama mchoro ule. Kila akiletewa alisema kesho, kama mtu anayeogopa majibu ya daktari. Sasa akainama. Miti ilikuwa na vivuli, mawe yana rangi, utadhani bustani imekwisha kujengwa na mtu kaipiga picha. Halafu akaona. Mbele hapakuwa na bwawa. Palikuwa na nyasi tupu na miti. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba, tena limezungushiwa ua.

Huyu mtoto kaniua, akawaza, akamkanyaga mkwe chini ya meza. Mkwe hakutikisika.

"Bwawa langu liko wapi?" Mwenye malori hakupaza sauti. Aliishusha, na hilo lilitisha zaidi.

Mama Ukoka akafumbua mdomo asingizie mashine ya kuchapia. Mkwe akamtangulia.

"Liko nyuma, baba," akasema mkwe. "Siku niliyokuja kupima ulikuwa safarini. Nikamwuliza mama mwenye nyumba hapa, mchana anashinda wapi, na wajukuu wakija wanachezea wapi."

"Ukamwuliza yeye?"

"Ndiyo, baba. Anashinda jikoni na kwenye kibaraza cha nyuma. Mbele haoni kitu. Bwawa likiwa nyuma, macho yake yako kwenye maji muda wote, na komeo la ua mtoto halifikii."

Mama Ukoka akahesabu nyumba zote zilizomponyoka, na hakukumbuka hata moja ambayo alimwuliza mke jambo lolote. Siku zote alifuata sauti nene. Kazi zake zilikubaliwa uwanjani, zikafia ndani ya nyumba.

Mama wa nyumba akasogea mezani, akaweka kidole kwenye kibaraza. Palikuwa na mwanamke amechorwa kitini, kikombe mkononi.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Mbona umenikondesha?" akauliza huku akicheka. Kisha akamgeukia mumewe, na kicheko hakikuwepo tena. "Mwenzangu, tangu utaje bwawa la mbele silali. Wewe uko barabarani na malori yako. Mtoto akitumbukia, atamwona nani? Yule mlinzi wako anayekoroma?"

Mwenye malori akakuna kidevu. "Na wageni?"

Mkwe akatoa karatasi ya pili: jioni, taa ndogo zinafuata njia ya mawe meusi ubavuni mwa nyumba, na njia ikipinda tu, maji hayo. Mwenye malori akaitazama, akaishika, akaisogeza karibu na macho.

"Haya," akasema mwishowe. "Kazi yenu. Lakini hivi hivi. Karatasi hii inabaki kwangu. Nikikuta jiwe lisilofanana na hili, tutakosana."

Mama Ukoka akatoka nje akiwaza. Maneno yake ya zamani yalipeperuka. Hakuna aliyeyaweka mezani kuyalinganisha na kazi. Haya ya leo yamebaki ndani, kwenye karatasi, yana rangi na vipimo.

"Mkwe wangu, Mungu akubariki," akasema. "Lakini yale mawe meusi, yanauzwa wapi?"

Mkwe akarekebisha bomba kwapani. "Mama, hayo... tutayatafuta."

Mama Ukoka akashika nguzo ya geti. Upande wa pili nyapara alikuwa ameshatoa kichwa dirishani mwa pikapu, anauliza kwa nyusi. Mama Ukoka akajikaza uso, akamwitikia kwa kichwa kwamba kazi wameipata.